Stima Ikipotea Voi, Faili Zako Huwa Wapi? Haya Ndiyo Saiba Ilinifunza

Umewahi kukaa kwa saiba ukingoja CV yako ifunguke na kwa skrini hakuna kitu inasonga? Maus inatembea, lakini ukibonyeza, kimya. Wengi hudhani ni virusi ama kompyuta imezeeka. Mara nyingine shida ni ingine kabisa: faili yako haiko kwa hiyo kompyuta umekalia. Iko kwa mashine ingine hapo kwa kona, na njia ya kuifikia imekatika.

Mimi hii maneno niliijua kwa njia ngumu. Niliacha kolegi mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma kabisa, nikarudi Voi nikapata job kwa saiba moja hapo mtaani. Jina tuliache. Kulikuwa na kompyuta sita, printa mbili na seva moja chini ya meza, karibu na chupa ya chai ya boss. Zote zilikuwa zinatumia Linux, juu Linux ni ya bure, na juu mashine zenyewe zilikuwa za mitumba, hizo hutoka majuu zikiwa zimechoka tayari.

Hapo ndio nilijifunza kuna swali moja kila msee anafaa kuuliza kuhusu kazi yake: kopi ya ukweli inakaa wapi, na zikikuwa mbili, nani anaamua ni gani inashinda? Mimi nilichelewa kuuliza, na kuna familia moja ya Sagalla ililipia hiyo kuchelewa.

Twende pole pole.

KEJA YAKO NDANI YA KOMPYUTA

Kwa Linux, kila mtu mwenye anatumia mashine ana folda yake ya nyumbani. Kama jina lako la kuingia ni juma, folda yako ni /home/juma. Hapo ndio kuna barua zako, picha zako na vitu umedaunlodi. Kuna hata vitu hauoni: faili zenye jina lao linaanza na nukta, hizo ndio zinakumbuka rangi ya skrini yako na kurasa umewekea alama kwa brauza. Hiyo folda ni keja yako. Ukihama kompyuta, keja inabaki nyuma.

Kwa laptopu yako ya nyumbani hiyo si shida. Kwa saiba ama lab ya shule ni noma. Leo umefanya kazi kwa PC namba 2, kesho unapata kuna msee ameikalia, unapewa namba 5. Sasa unaanza kubeba flashi huku na huku, na flashi za saiba tunazijua, zimepitia mikono mingi kuliko noti ya hamsini.

Dawa yake iko tangu 1984, wakati kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitoa kitu inaitwa NFS. Kazi yake ni kufanya folda yenye iko kwa seva ionekane kama iko kwa kompyuta yako. Seva inagawa /home yake, na kompyuta zote sita zinaishika kupitia kebo. Ukiingia namba 2 unapata keja yako, ukiingia namba 5 unapata keja ile ile. Hakuna kopi mbili. Kuna moja tu, na iko kwa seva.

Lakini kuna kitu mafundi wengi hurukanga. Linux haikujui kwa jina, inakujua kwa namba. Kwa mashine nyingi mtu wa kwanza kuandikishwa hupewa 1000, mwenye anafuata 1001. Sasa kama PC namba 2 inasema 1001 ni wewe, na PC namba 5 inasema 1001 ni msee mwingine, huyo msee akiingia kwa namba 5 atafungua faili zako kama zake. Seva haitamkataza, juu imeona namba iko sawa. Ndio maana orodha ya watumiaji inafaa kukaa mahali pamoja, kwa programu kama LDAP ama FreeIPA. Kama mashine ni chache, unaweza kuhakikisha kwa mkono namba zinafanana kila mahali.

SWICHI NDOGO, SHIDA KUBWA

Mpangilio huu ulikuwa fiti mpaka siku stima ilienda.

Na Kenya hii stima haihitaji sababu kubwa kupotea. Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa kwa stesheni ya umeme ya Gitaru akaangukia transfoma, nchi karibu yote ikakaa giza kwa zaidi ya masaa matatu. Tumbili mwenyewe alipona. Agosti 25, 2023, usiku wa Ijumaa, giza tena karibu nchi nzima, na kuna watu walingoja mpaka siku iliyofuata.

Boss wetu alijua hayo, kwa hivyo alikuwa amenunua UPS za kompyuta na ya seva. Kitu alisahau ni swichi, kale kaboksi kadogo kanaunganisha kebo zote. Hako kalikuwa kamechomekwa kwa soketi ya ukuta. Stima ikaenda, kompyuta zote zikabaki zimewaka, seva imewaka, na hakuna kitu ilikuwa inafunguka. Wateja wakaanza kugonga maus kwa meza.

Hapa kuna kitu ya kushika. NFS kwa kawaida inawekwa kwa hali inaitwa hard. Programu ikiomba faili na seva isijibu, inangoja. Dakika tano, saa nzima, haichoki. Inakasirisha, lakini ina faida: njia ikirudi, programu inaendelea penye iliachia. Kuna hali ingine inaitwa soft. Hiyo ikingoja ikachoka, inarudisha kosa na kuachilia. Inakaa poa, lakini programu inaweza kuwa ilikuwa katikati ya kuandika, na nusu ya faili ndio inabaki kwa seva. Kama ni kazi ya mtu, afadhali mashine igande kuliko idanganye. Kwa hivyo dawa ya kwanza si kubadilisha seti. Ni kuweka swichi kwa UPS.

Usichanganye hii na intaneti kupotea. Mei 12, 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ya East Africa ikaanza kutambaa. Mwenye kazi yake yote ilikuwa Google Drive alianza kuomba Mungu. Lakini saiba yenye seva yake iko ndani haitegemei hiyo njia kufungua faili, juu kebo kati ya PC na seva haipiti baharini. Inapita chini ya meza.

NA KAMA UNAENDA TAVETA?

Shida ya pili ilikuwa laptopu ya boss. Siku za soko alikuwa anaibeba mpaka Taveta, kuchapia wafanyabiashara wa mpakani barua na kupiga picha za pasipoti. Voi mpaka Taveta ni kama kilomita 110, unapita Mwatate, Bura, Maktau, halafu ndani ya Tsavo West penye ndovu ni wengi kuliko minara ya simu. Seva iko Voi chini ya meza. Folda ya nyumbani ya NFS haiwezi kukufuata huko. Ukitoka tu kwa mlango wa saiba, keja imefungwa.

NFS haikutengenezwa kufanya kazi oflaini. Watu wamejaribu kutatua hiyo kitambo. Mwaka 1987, kwa chuo cha Carnegie Mellon huko Marekani, timu ya Mahadev Satyanarayanan ilianza mradi unaitwa Coda. Wazo lake ni rahisi ukilifikiria kama dereva wa lori anaenda Tsavo: maji na mafuta unajaza mapema, hungoji yaishe. Laptopu ikiwa bado na mtandao, inajiwekea akiba ya faili zenye utahitaji. Ukitoka, unafanya kazi kwa hiyo akiba na mashine inaandika kila kitu umebadilisha. Ukirudi, inapelekea seva mabadiliko yako.

Coda yenyewe haikushika mtaani, lakini wazo liliishi. Pia swali lake gumu liliishi: kama ukiwa Taveta ulibadilisha faili, na mtu Voi alibadilisha hiyo hiyo, ukirudi inakuwaje?

Boss aliita fundi. Fundi akasema tuachane na NFS, kila mashine ikae na kopi yake, halafu jioni skripti moja ipatanishe zote na seva. Sheria yake ilikuwa moja: faili yenye tarehe mpya ndio inashinda. Ilikaa poa sana. Stima ikienda hakuna kuganda. Boss akienda Taveta anabeba kila kitu. Wiki mbili tulikuwa tunasema huyu fundi ni moto.

KIJITABU CHA MATANGA

Jumatano moja jioni mama mmoja alikuja kutoka Sagalla kuchapisha kijitabu cha mazishi ya mamake. Kopi 200, mazishi Jumamosi. Nikachapa historia, nyimbo, orodha ya watoto na wajukuu. Skripti ikapita usiku, kila mashine ikapata kopi yake.

Alhamisi asubuhi akapiga simu. "Mwanangu, tumesahau watoto wa marehemu kaka yangu. Ni watatu. Tafadhali waweke, hao ndio nyanya yao aliwalea." Nikafungua faili kwa PC namba 3, nikaandika majina matatu, nikasevu. Nikamwambia, "Mama, iko sawa."

Kitu sikujua ni kwamba PC namba 3 ilikuwa na betri ya saa imekufa. Kila kompyuta ina kabetri ka mviringo ndani, CR2032, kanachunga saa mashine ikiwa imezimwa. Sisi usiku tulikuwa tunazima umeme wote ukutani. Asubuhi hiyo intaneti ilikuwa imelala, kwa hivyo mashine haikupata mahali pa kuuliza saa. Iliamka ikidhani bado ni Jumatano jioni. Majina yangu matatu yakapigwa muhuri wa Jumatano jioni.

Asubuhi hiyo hiyo mwenzangu, bila kujua, alifungua kopi ya PC namba 1, akakuza maandishi ya jalada kidogo, akasevu. Saa yake ilikuwa sawa. Alhamisi.

Jioni skripti ikapita. PC namba 1 ikapeleka yake kwa seva. Ikafika PC namba 3, ikalinganisha tarehe: ya seva ni Alhamisi, hii ni ya Jumatano, ya seva ndio mpya. Ikafuta kazi yangu ikaweka ile ya mwenzangu. Haikuuliza mtu. Haikuandika kosa popote. Kwa macho ya skripti, kila kitu kilienda vizuri.

Mimi nilikuwa nimeenda kula. Mwenzangu akaprinti kopi 200 na kuzifunga. Ijumaa asubuhi mama akachukua.

Alirudi Jumatatu. Hakupiga kelele, na hiyo ndio iliniuma zaidi. Aliweka kijitabu kwa kaunta akasema, "Mwanangu, wale watoto walikuwa wamekaa mbele. Wajukuu walisomwa wote, wao hawakusomwa." Nikafungua kompyuta nimwonyeshe niliandika. Hakukuwa na kitu.

TULIKOSEA WAPI?

Angalia vizuri. Kama tungekuwa bado kwa NFS, hii kitu haingefanyika hivi. Kungekuwa na kopi moja, na majina yangeingia kwa hiyo hiyo moja. Hata tungeifungua wawili kwa wakati mmoja, LibreOffice ukifungua faili huweka kafaili kadogo ka kufunga kando yake, jina linaanza na .~lock. Mwenye anakuja wa pili anaonywa faili inatumika. Lakini kila mashine ikiwa na kopi yake, hiyo kufuli ya mwenzako huioni.

Kwa hivyo hakuna mpangilio wa bure. Folda moja kwa seva inakulinda na kopi mbili, lakini njia ikikatika umekwama. Kopi kila mahali inakuachia ufanye kazi gizani na njiani, lakini lazima kuwe na sheria ya kopi zikigongana. Na "mpya inashinda" ni sheria mbaya, juu inaamini saa, na saa hudanganya.

Hizi ndio programu za kujua:

rsync, ya tangu 1996, inakopi upande mmoja kwenda mwingine na inatuma tu sehemu zilizobadilika. Ni kali sana kwa kazi yake. Lakini haikumbuki chochote kuhusu jana. Skripti ya fundi wetu ilikuwa rsync na chaguo la -u, lenye linaangalia tarehe tu. Tulitumia panga kushona nguo.

Unison, ilianzia chuo cha Pennsylvania, inapatanisha pande mbili. Tofauti yake ni kwamba inaweka rekodi ya venye faili zilikuwa mara ya mwisho pande zote zikilingana. Kama upande mmoja tu ndio ulibadilika, inakopi. Kama zote mbili zilibadilika, inasimama, inakuonyesha alama <-?-> na kungoja uamue. Haijali nani ana tarehe mpya. Hiyo alama ya kuuliza ingeokoa majina matatu. Angalizo: matoleo yake ya zamani huwa hayaelewani, kwa hivyo weka toleo moja kwa mashine zote.

Syncthing, ya tangu 2013, inafanya kazi muda wote bila kungoja jioni, na mashine zikiwa mtandao mmoja wa ndani haihitaji intaneti. Kopi zikigongana, haitupi yoyote. Moja inabaki na jina lake, ingine inapewa jina lenye lina maneno sync-conflict na tarehe. Lakini haitakupigia simu. Lazima uwe na tabia ya kutafuta hizo faili na kuzisoma.

Halafu usipatanishe folda yote ya nyumbani kama gunia. Folda ya .cache iache, ni takataka inajaza mtandao. Folda ya brauza usiiguse brauza ikiwa imefunguliwa, utapata database nusu. Na .ssh, penye funguo zako za siri zinakaa, haina biashara kutembea kwa mashine za saiba.

Kuna kitu kimoja zaidi watu wengi hukosea: kupatanisha si bakapu. Ukifuta faili kwa mashine moja, upatanishi unaifuta kwa zote, tena haraka. Ukiharibu moja, umeharibu zote. Bakapu ni kopi ya jana, ya juzi, ya wiki jana, kwa diski yenye inachomolewa na kuwekwa kando. Sisi hatukuwa nayo. Ndio maana nilifungua kompyuta mbele ya yule mama na sikuwa na kitu cha kuonyesha.

VENYE TULIPANGA BAADAYE

Kompyuta sita zilirudi kwa NFS, juu haziendi popote. Swichi ikaingia kwa UPS. Laptopu ya boss ya Taveta ndio peke yake ikabaki na kopi, inapatanishwa na Unison akirudi, yeye mwenyewe akiwa amekaa hapo anajibu maswali. Seva ikawekwa programu ya chrony, kompyuta zote zinauliza saa kwake hata intaneti ikiwa imelala. Betri mpya za CR2032 zikanunuliwa, na moja inacheza na bei ya chapo madondo. Kila jioni rsync, sasa ikifanya kazi yake halisi, inakopi /home yote kwa diski ya nje, na ya jana haifutwi.

Hakuna kitu ya ajabu hapo, na gharama kubwa haikuwepo. Kilichokosekana mwanzo ni mtu kuuliza swali.

Wale watoto tuliwachapishia ukurasa mpya, majina yao matatu juu kabisa ya wajukuu, bila malipo. Mama alichukua akashukuru. Lakini mazishi yalikuwa yameshapita, na hiyo hakuna programu inaweza kurudisha.

Siku hizi siko saiba, naandika hizi story. Lakini kabla nibonyeze kuprinti kazi ya mtu yeyote, lazima niulize kwanza: hii ni kopi gani? Wewe pia uliza. Dakika moja tu, halafu uprinti.